Maneno Yaliyohamisha Watu: Kutambua Mbinu za Ushawishi katika Hotuba na Fasihi

Utangulizi

Wengi wetu tuliosoma fasihi tangu sekondari tunazijua tamathali za semi kwa majina. Mwalimu akiuliza tashihisi ni nini, mikono iko juu kabla hajamaliza swali. Ukipewa shairi, unapiga mstari chini ya sitiari, unapiga mwingine chini ya takriri, unaandika kwamba msanii amefanikiwa kutumia tamathali za semi, na maksi unapata. Lakini hebu tujiulize: ile tamathali ilikuwa inafanya kazi gani pale? Na ilikuwa inamfanyia nani kazi hiyo? Mara nyingi tunaishia kuhesabu misumari, nyumba yenyewe hatuitazami.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kuzitambua mbinu za ushawishi katika hotuba na katika kazi za fasihi, na hasa jinsi ya kuzipima. Mifano mingi tumeitoa sehemu moja: Tarafa ya Sale na jirani zake katika Wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha. Sababu ni kwamba huko maneno yamehamisha watu zaidi ya mara moja. Mwaka 1958 yaliwatoa watu Serengeti. Mwaka 2011 yaliwaleta maelfu kijiji cha Samunge kunywa dawa. Tangu 2022 yamewapeleka wengine mpaka Handeni. Msomaji asidhani basi kwamba balagha ni mambo ya kwenye karatasi ya mtihani tu.

Hoja yetu ni moja. Mbinu ya lugha si uongo wala si ukweli. Ni chombo cha usafiri. Mhakiki haishii kuuliza chombo kinaitwaje. Anauliza pia kimebeba nini, kinampeleka nani wapi, na nauli analipa nani.

Nguzo tatu za ushawishi

Mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, alisema kwamba msemaji humvuta msikilizaji kwa njia tatu. Sisi tutaziita heshima, hisia na mantiki.

Heshima ni kile kinachotufanya tumwamini mtu hata kabla hajamaliza kusema. Inaweza kutoka kwenye ukoo, kwenye cheo, kwenye umri, kwenye elimu, au kwenye maisha anayoishi. Wenyeji wa Sale ni Watemi, ambao watu wengi wanawajua zaidi kwa jina la Wasonjo, jina walilopewa na majirani zao Wamaasai. (Tayari hapo kuna jambo la kuzingatia: ukisema Wasonjo unawatazama kwa macho ya jirani, ukisema Watemi unawatazama kwa macho yao wenyewe.) Watemi ni wakulima wa mifereji, na kwa desturi yao maji yanasimamiwa na baraza la wazee waitwao wenamiji, ambao nafasi zao hurithiwa. Mzee wa namna hiyo akisema leo maji yanakwenda shamba fulani, hana haja ya kupamba maneno. Nafasi yake imeshasema nusu ya hotuba.

Hisia ndiyo nguzo tunayoitambua upesi, lakini tunaibana mno tukidhani ni machozi tu. Hofu ni hisia. Aibu ni hisia. Fahari, tamaa, shukrani na matumaini ni hisia vilevile, na matumaini ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa mtu aliyeambiwa hospitali kwamba ugonjwa wake hauponi.

Mantiki ni hoja yenyewe: sababu, ushahidi na hitimisho. Lakini katika hotuba hoja mara nyingi haiji nzima. Msemaji anaacha kipande kimoja bila kukitaja ili msikilizaji akijaze mwenyewe, na kitu ulichokijaza mwenyewe ni vigumu kukikataa. Hoja ya namna hii ndiyo ya kuiangalia sana.

Nguzo hizi tatu zinaonekana vizuri katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, na ambayo tunaijua kwa jina la Juliasi Kaizari. Baada ya Kaizari kuuawa, Bruto anasimama mbele ya umma wa Roma na kutoa hoja iliyopangika: alimpenda marehemu, lakini aliipenda zaidi nchi. Umma unamshangilia. Kisha anakuja Antonio. Yeye anawasifu wauaji, na sifa ileile anairudia na kuirudia mpaka inageuka kuwa tusi, kejeli ya wazi. Anadai kwamba hana ufundi wa kusema. Anaonyesha vazi lenye damu. Anautaja wosia, halafu anakataa kuusoma mpaka watu wenyewe wamlazimishe. Mwishowe umma uleule uliomshangilia Bruto unakwenda kuchoma nyumba. Shakespeare hakusema kwamba Bruto alikuwa na haki au Antonio alikuwa mwongo. Alichotuonyesha ni kasi. Tena tuzingatie hili: kusema "mimi sijui kusema" nayo ni mbinu, na pengine ndiyo kali kuliko zote, maana inawafanya wasikilizaji waweke silaha chini.

Tamathali inapokuwa hoja: Serengeti na Ngorongoro, 1958 hadi 1961

Sasa tutoke Roma twende kwenye waraka wa nyumbani. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai wa Ngorongoro na Loliondo walitia saini makubaliano ya kuhama Serengeti. Waraka ule si hotuba, lakini ukiusoma kama mhakiki utaona mambo. Kwanza, umeandikwa kwa nafsi ya kwanza wingi: sisi tunakubali, sisi tunaelewa, sisi tutahama. Lakini lugha yake ni ya kisheria ya serikali ya kikoloni. Kumbe "sisi" imewekwa mdomoni mwa watu na mtu mwingine! Pili, wazee wanaachia ardhi yote iliyo magharibi ya mstari ambao wamekwisha kuonyeshwa na Mkuu wa Wilaya. Yaani mstari umetangulia, saini inafuata. Tatu, muda wa kuhama unatajwa kwa kalenda mbili: kabla ya mvua za vuli, yaani kabla ya tarehe 31 Desemba 1958. Vuli ni kalenda ya mfugaji, tarehe ni kalenda ya ofisi. Kuzitaja zote mbili kunaufanya waraka usikike kama mazungumzo ya pande mbili. Hakuna sitiari hata moja hapo, lakini ushawishi umejaa tele. Viwakilishi navyo vinashawishi.

Mwaka uliofuata, 1959, Ngorongoro ilitengwa na Hifadhi ya Serengeti ikawa eneo ambamo watu na wanyama wangeishi pamoja. Gavana Richard Turnbull aliwahutubia Wamaasai mwaka huohuo akawaahidi kwamba ikitokea maslahi ya wanyama yakagongana na ya watu wanaoishi pale, ya watu ndiyo yatakayotangulia. Ahadi nzuri, na heshima ya cheo imeibeba. Lakini tuitazame sarufi yake. Ni sentensi ya sharti: ikitokea mgongano. Nani ataamua kwamba mgongano umetokea? Hatajwi. Ahadi ya sharti isiyotaja hakimu ni mlango ambao ufunguo wake umebaki kwa aliyeahidi. Kilimo ndani ya eneo hilo kilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1975.

Mwaka huohuo wa 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek alitoa kitabu na filamu ambavyo jina lake kwa Kiswahili tungelisema "Serengeti Isife". Mwanawe Michael, waliyefanya naye kazi, alifariki kwa ajali ya ndege Januari 1959 akazikwa ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro. Filamu ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Jina lile ni tashihisi: mbuga imepewa uhai, na chenye uhai kinaweza kufa. Hapo wengi wetu tungeandika "tashihisi" na kufunga daftari. Lakini twende hatua moja mbele. Kama Serengeti ni kiumbe kinachoweza kufa, basi yupo anayeweza kukiua, na yupo anayeweza kukiokoa. Neno moja limeshagawa kazi: mtazamaji wa Frankfurt ni mwokozi, na mtu mwenye ng'ombe zake pale nyikani anaanza kutazamwa kama mshukiwa. Hakuna aliyemshtaki. Tamathali imemshtaki kimyakimya.

Kisha tunakuja kwenye tamko la Arusha la Septemba 1961, lililotolewa na Nyerere kwenye mkutano wa kimataifa wa hifadhi, miezi michache kabla ya Uhuru. (Lisichanganywe na Azimio la Arusha la 1967.) Maudhui yake ni kwamba wanyama pori ni jambo zito kwa Waafrika wote, kwamba si wa kustaajabisha tu bali ni sehemu ya mali asili na riziki ya baadaye, kwamba tunaipokea amana hii na tutahakikisha wajukuu wa watoto wetu wanaufaidi urithi huu, na kwamba kazi hiyo inahitaji wataalamu na fedha, hivyo mataifa mengine yashirikiane nasi.

Nguzo zote tatu zimo. Heshima: kiongozi wa taifa linalokaribia kuzaliwa. Hisia: wajukuu wa watoto wetu, watu ambao hawajazaliwa na hivyo hawawezi kubisha. Mantiki: kama dunia nzima itafaidi, basi dunia nzima ichangie. Kwa kweli ni hoja ya werevu mkubwa, maana nchi maskini inageuza deni kuwa dai. Lakini kazi kubwa inafanywa na sitiari mbili, amana na urithi. Amana ni mali ya mwingine uliyokabidhiwa. Urithi ni mali yako uliyoachiwa. Je, wanyama hawa ni wa nani basi? Tamko linaviweka vyote viwili pamoja, na msikilizaji wa London anasikia amana, wa Dar es Salaam anasikia urithi. Na yule wa Sale au wa Malambo? Yumo ndani ya "sisi", lakini ndiye pekee ambaye malisho yake yanazungumzwa.

Kikombe cha Samunge

Miaka hamsini baadaye, tarafa ya Sale ilitoa mfano mwingine ambao kila Mtanzania wa wakati huo anaukumbuka. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyekuwa akiishi kijiji cha Samunge, alisema Mungu amemwonyesha katika ndoto dawa ya mti uitwao mugariga. Kikombe kimoja kwa shilingi 500. Magonjwa yaliyotajwa ni pamoja na kisukari, kansa, pumu, shinikizo la damu na UKIMWI. Ilipofika Machi 2011, foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Walikuja wakulima, wakaja mawaziri, wengine kwa helikopta. Wapo waliofia njiani na kwenye foleni.

Watu hushangaa mambo haya na kusema "ujinga tu". Mhakiki hapaswi kuridhika na jibu hilo, kwa sababu waliokwenda walikuwamo na wasomi kibao. Tuichambue kama matini.

Tuanze na jina. Aliitwa "Babu wa Loliondo", ingawa Samunge haiko Loliondo. Jina kubwa lilimeza dogo, na hiyo ni taashira. Lakini neno lenye nguvu zaidi ni "Babu". Likishatamkwa, sote tunakuwa wajukuu, na mjukuu mwenye adabu habishani na babu yake, sembuse kumdai cheti cha maabara.

Halafu kikombe. Si kidonge, si sindano. Kwa Mkristo kikombe kinaita madhabahu na ushirika mtakatifu. Kwa asiye Mkristo kinaita chai na ukarimu wa nyumbani. Pande zote mbili hakitishi.

Sasa bei. Hapa ndipo ilipo ile hoja iliyokatwa kipande. Watu walisema: angekuwa tapeli, si angetoza laki? Hoja kamili ni hii: tapeli hutaka hela nyingi, Babu hataki hela nyingi, kwa hiyo Babu si tapeli. Mpaka hapo tunaweza kukubali. Lakini msikilizaji haishii hapo, anaruka: si tapeli, kwa hiyo dawa inaponya. Huo mruko hakuna aliyeusema waziwazi, kila mtu aliujaza mwenyewe. Unyofu wa msemaji ni jambo moja, ukweli wa anachosema ni jambo lingine kabisa. Mtu anaweza kuwa mnyofu na akakosea.

Mwisho, foleni yenyewe ilikuwa hoja. Watu wote hawa wakosee? Swali hilo ni tashtiti, linaulizwa bila kungoja jibu. Jibu hata hivyo lipo: ndiyo, inawezekana. Hakuna uthibitisho wa kitabibu uliopatikana kwamba kikombe kile kiliponya UKIMWI, na wapo walioacha dawa zao za hospitali wakiamini wamepona. Hiyo ndiyo nauli tunayoizungumzia. Mwasapile alifariki mwaka 2021.

Neno linapomtoroka mwenyewe

Kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili, Samunge inaita mara moja tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969. Inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Huko nako kuna mtu mmoja, kuna sauti kutoka ulimwengu usioonekana, na kuna kinywaji: maji yatakayogeuza risasi. Mbinu zinafanana mno. Lakini Hussein anafanya jambo ambalo hotuba haiwezi kufanya. Anatuingiza ndani ya msemaji. Kinjeketile anaanza kuwa na mashaka, anataka watu wasubiri, lakini wamekwisha kuliamini neno na hawamsubiri. Vita vinaanza. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa sababu anajua kauli hiyo itatumiwa kuwaambia vizazi vijavyo kwamba waliopigana walikosea kupigana.

Je, maji yalikuwa uongo? Kama kinga ya risasi, ndiyo, na maelfu walikufa. Kama neno la kuwaunganisha watu wa makabila mbalimbali dhidi ya mtawala mmoja, maji yalifanya kazi. Neno moja, nauli mbili. Tofauti na Samunge ni kwamba mwandishi anatuacha tuione hesabu yote, faida na hasara, kabla hatujaamua. Hiyo ndiyo tofauti kubwa ya hotuba na fasihi bora: hotuba inataka uamue sasa hivi, fasihi inakupa muda wa kusita.

Vipimo vitatu

Basi mwanafunzi afanye nini akikutana na matini ya ushawishi? Tunapendekeza vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza: vua pambo. Sema upya jambo lilelile kwa maneno makavu, uone kinachobaki. Tangu 2022 serikali imekuwa ikiwahamisha wakazi wa Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, na maneno yaliyotumika sana ni "kuhama kwa hiari" na "kupisha uhifadhi". Tulitazame hilo "kupisha". Katika adabu yetu mtu humpisha mkubwa mlangoni, humpisha mgonjwa kwenye foleni. Anayepisha ni muungwana. Asiyepisha hana adabu. Ni tafsida iliyobeba hukumu. Ukiivua, kinachobaki ni hiki: watu wanaondoka wanapoishi ili eneo litumike kwa hifadhi. Sasa tunaweza kujadili kama ni sawa au si sawa, bila adabu kutuziba mdomo.

Kipimo cha pili: badilisha msemaji. Chukua neno lilelile uliweke kinywani mwa upande wa pili. Wanaopinga kuhamishwa husema "ardhi ya mababu". Nalo ni pambo, nalo livuliwe. Kinachobaki ni dai kwamba jamii fulani imeitumia ardhi ile kwa muda mrefu. Dai hilo lina ushahidi; hata ule waraka wa 1958 unakiri kwamba walikuwa na mazoea ya kuitumia ardhi wanayoiacha. Lakini liweke neno kinywani mwa Mtemi badala ya Mmaasai, utaona kwamba wote wawili wana mababu huko, na migogoro ya mipaka baina yao ni ya siku nyingi. Mababu pekee hawamalizi kesi.

Kipimo cha tatu: mtafute asiyesema. Katika kila matini yupo anayezungumzwa lakini hazungumzi. Mwaka 2022 kilomita za mraba 1,500 za Loliondo na Sale ziliwekewa mipaka zikawa Pori la Akiba la Pololeti. Soma taarifa yoyote ya wakati ule, ya upande wowote, uhesabu ni mara ngapi mwanamke anayechota maji pale amepewa sentensi yake mwenyewe. Kimya nacho ni mbinu.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuzitaja tamathali ni mwanzo wa kazi ya uhakiki, sio mwisho wake. Tashihisi ilimfanya mfugaji awe mshukiwa. Sitiari ya urithi iliwaunganisha watu wenye maslahi tofauti. Neno "Babu" liliwanyamazisha wasomi. Neno "maji" liliunganisha kusini na likaua kusini.

Atakayesema kwamba tunaingiza siasa katika fasihi, tutamjibu kwamba siasa imekwisha kuingia siku nyingi, na imeingia kwa kutumia tamathali zetu wenyewe. Anayejua kuzisoma katika Kinjeketile asishindwe kuzisoma kwenye mkutano wa hadhara. Na akiulizwa ubaoni tashihisi ni nini, ajibu, lakini asikae chini kabla hajaeleza ni nani aliyelipa.